Kurasa 41 Bukoba, Kurasa 46 Muleba: Kwa Nini Ripoti Hubadilika Baada ya Kuapdeti

Mwisho wa kukabidhi ripoti za fildi ulikuwa Ijumaa saa nne asubuhi. Jumatano mchana mimi nilikuwa Muleba, ndani ya steshenari moja karibu na stendi, flashi mkononi na ripoti ya kurasa 41 ndani yake. Nilikuwa nimetoka Bukoba na Hiace ya alfajiri, steshenari za jirani na chuo zikiwa bado zimefungwa. Kazi yenyewe ilikuwa fupi: kuprinti, kwenda kwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa nilikofanyia fildi, asome kiambatisho chenye kilo na malipo ya wanachama, asaini, agonge mhuri, nirudi zangu.

Steshenari ilikuwa na kompyuta mbili. Ile yenye Word ilikuwa na foleni ya watu wa barua za kuomba kazi. Dada mwenye duka akaniambia, "Mdogo wangu, hii nyingine nayo inafungua, ila ni ya siku nyingi." Ilikuwa mashine ya Windows XP, ndani ina OpenOffice. Na kweli ilifungua. Ila chini kwenye kona iliandika kurasa 46.

Sikujali. Nilijiambia labda imehesabu vibaya. Nikaprinti, nikalipa, nikachukua bodaboda.

Katibu ni mzee wa makamo ya babu yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akaruka utangulizi na sura zote tano, akaenda moja kwa moja kwenye kiambatisho. Kidole kikashuka na majina, kikasimama. "Mwanangu, huyu mama hakuleta kilo hizi. Hizi ni za jirani yake." Akafunua ukurasa wa pili. "Na huyu makato yake yamekaa kwenye malipo. Nikisaini hapa, wanachama wakiiona karatasi hii nitawaambia nini?"

Hakunigombeza. Alinirudishia karatasi tu, na hilo liliniuma zaidi. Wenye kwao Kagera mnajua kilo za kahawa ni jambo la heshima. Mkulima anajua maganda aliyopeleka mizani hadi nusu kilo. Katibu akishasaini karatasi yenye kilo za mtu kwa jina la mwingine, hakuna atakayekuja kumsikiliza habari za kompyuta.

Namba zile nilikuwa nimezinakili mwenyewe kutoka kwenye daftari lake, nikazihakiki mara mbili. Hakuna mtu aliyegusa faili langu kati ya Bukoba na Muleba. Sasa zilihamaje? Makala haya ni jibu la swali hilo. Wiki iliyotangulia rafiki yangu alikuwa ameniapdetia LibreOffice kwenye laptopu yangu, kwa hiyo mimi moja kwa moja nililaumu toleo jipya. Nilikosea, lakini si kabisa.

Faili si karatasi

Tuanzie hapa kwa sababu ndipo wengi tunapojidanganya. Tunapoandika kwenye kompyuta tunaona ukurasa mweupe wenye pembe nne, tunaamini huo ukurasa ndio uliohifadhiwa. Haujahifadhiwa. Kilichohifadhiwa ni maneno pamoja na maelekezo: aya hii iwe na fonti fulani ya saizi 12, kichwa hiki kiwe kizito, hapa weka jedwali la safu nne. Ukurasa wenyewe unajengwa upya kila faili linapofunguliwa, na anayeujenga ni programu iliyopo kwenye kompyuta hiyo, kwa fonti zilizopo kwenye kompyuta hiyo.

Unaweza kulithibitisha hili leo. Chukua faili lako la .odt, tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina la nakala kutoka .odt kuwa .zip, kisha lifungue. Utakuta ni kifurushi. Ndani yake kuna faili liitwalo content.xml lenye maneno yako, na styles.xml lenye maelekezo ya mwonekano. Faili la .docx nalo ni hivyo hivyo. Maneno yake yako kwenye folda iitwayo word, katika document.xml. Siku ambayo risachi yako itagoma kufunguka, jaribu njia hii kabla ya kulia. Mara nyingine maneno yote yako humo salama, kilichoharibika ni kipande kingine cha kifurushi.

Kwa hiyo ukibadilisha programu, umebadilisha fundi. Ramani ni ileile, lakini fundi mwingine ana mkono wake.

Tulishawahi kupita hapa: Jambo OpenOffice

Tatizo hili lina historia hapa kwetu Tanzania, na wengi wa rika letu hatuijui. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi ulioitwa Kilinux uliosaidiwa na Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice. Hiyo ilikuwa programu kamili ya kazi za ofisi, ya kuandikia barua, kupigia mahesabu na kutengenezea maonyesho, menyu zake zikiwa kwa Kiswahili. Ilikuwa bure na ilikuwa huria, maana yake yeyote aliruhusiwa kuinakili, kuigawa na kuibadilisha. Kwa nchi ambayo ofisi na shule nyingi zilikuwa zinatumia Word za kunakili bila leseni, hilo halikuwa jambo dogo.

Jambo ilijengwa juu ya OpenOffice.org ya familia ya 1.1. Programu za familia hiyo zilihifadhi maandishi kwa fomati ya .sxw. Kisha Oktoba 2005 likatoka toleo la 2.0, likaja na fomati mpya iitwayo OpenDocument, ile ya .odt kwa maandishi na .ods kwa majedwali. Sababu ilikuwa nzuri. OpenDocument haikuwa mali ya programu moja. Ilipitishwa kuwa kiwango cha wazi na shirika la OASIS Mei 2005, na mwaka 2006 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Kampuni yoyote au mtu yeyote angeweza kutengeneza programu ya kuisoma bila kuomba ruhusa.

Sasa fikiria ofisi yenye kompyuta tano. Mmoja ameapdeti kwenda 2.0, wanne wamebaki na 1.1. Yule mmoja anafungua .sxw za wenzake bila shida. Yeye akiwatumia .odt, kwao haifunguki, kwa sababu programu zao zilitengenezwa kabla fomati hiyo haijakamilika. Waundaji walilijua hilo, wakatoa toleo la 1.1.5 Septemba 2005 ili watu wa zamani waweze angalau kuzisoma .odt. Lakini ilibidi kwanza mtu ajue kwamba 1.1.5 ipo, kisha apate intaneti ya kuipakua.

Kutoka hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, toleo jipya kwa kawaida husoma faili la zamani, lakini la zamani halina wajibu wa kuelewa faili jipya. Kwa hiyo anayeapdeti huwa haoni tatizo; tatizo linampata anayepokea kazi yake. La pili ni la kufariji. Ukiwa na faili la .sxw la mwaka 2004 leo, LibreOffice bado inalifungua, miaka zaidi ya 20 baadaye, kwa sababu namna faili hilo lilivyoandikwa haikuwahi kuwa siri ya mtu.

Na tusiwaonee watu wa programu huria peke yao. Microsoft nao walifanya vilevile walipohama kutoka .doc kwenda .docx katika Office 2007. Waliobaki na Word 2003 ilibidi waongeze kipande maalumu cha programu ndipo waweze kuzifungua.

OpenOffice na LibreOffice si kitu kimoja

Hapa pia niliteleza. Nilipoona OpenOffice pale Muleba nilifikiri ni ileile yangu kwa jina la zamani. Zina asili moja, lakini ziliachana. Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun, iliyokuwa mlezi wa OpenOffice.org, waundaji wengi walijitenga Septemba 2010 na kuanzisha LibreOffice. Toleo lao la kwanza, 3.3, lilitoka Januari 2011. Mwaka huohuo Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache. Tangu hapo LibreOffice imekuwa ikitoa toleo kubwa takriban mara mbili kwa mwaka, wakati OpenOffice ya Apache imebadilika kidogo sana.

Kwa mwanafunzi, tofauti inayouma ni hii: OpenOffice inafungua .docx, lakini haiwezi kuhifadhi kwa .docx. Ukirekebisha kazi yako humo lazima uihifadhi kwa fomati nyingine, na katika kubadilisha huko vitu vinaweza kudondoka njiani. Pia jitihada nyingi za kufanana na Word zilizofanywa na upande wa LibreOffice hazimo humo.

Fonti: mchawi wa kwanza

Sasa turudi kwenye ripoti yangu, maana namba zake zinasimulia zenyewe. Kabla ya kuapdeti ilikuwa kurasa 44. Baada ya kuapdeti, laptopu ileile, faili lilelile, ikawa 41. Muleba ikawa 46.

Tuliandika kwa kufuata kielelezo kilichotengenezwa na mwenzetu kwenye Word, fonti yake Calibri. Calibri ndiyo iliyokuwa fonti ya kuanzia ya Word tangu 2007 hadi Microsoft walipoleta Aptos. Ni mali yao, haigawiwi bure. Laptopu yangu ni ya mkononi, nimeinunua ikiwa na Ubuntu ya zamani na LibreOffice 4.2. Haikuwa na Calibri. Programu isipopata fonti iliyoagizwa haikatai kufungua faili. Inachukua nyingine inayoona inafaa, kimyakimya. Iliyochukua ilikuwa pana zaidi ya Calibri, mistari ikajaa haraka, kurasa zikafika 44.

LibreOffice kuanzia toleo la 4.4 la mwaka 2015 huja na fonti iitwayo Carlito. Carlito imechorwa tofauti na Calibri, lakini upana wa kila herufi ni sawasawa. Kwa hiyo mstari unaokatika kwenye neno fulani kwa Calibri unatarajiwa kukatika palepale kwa Carlito. Nyingine, Caladea, inafanya kazi hiyo kwa Cambria, na Liberation Serif inafanya hivyo kwa Times New Roman. Rafiki yangu alipochukua toleo jipya kwenye tovuti ya LibreOffice na kuniwekea, Carlito iliingia nalo. Ripoti ikashuka hadi kurasa 41.

Umeona? Kuapdeti hakukuiharibu ripoti. Kuliisogeza karibu na vile mwenye kielelezo alivyoiona kwenye Word yake. Kule Muleba mashine ya XP haikuwa na Calibri wala Carlito, ikachagua yake, tukapanda hadi 46.

Spesi, Tab na Enta: hapa kosa ni langu

Fonti inaeleza idadi ya kurasa. Haielezi kilo za mama yule kuhamia kwa jirani. Hilo nililifanya mimi kwa vidole vyangu.

Kiambatisho changu hakikuwa jedwali la kweli. Nilikiandika kwa kubonyeza Tab: jina, Tab, kilo, Tab, makato, Tab, malipo. Kwenye skrini kilionekana kimenyooka kama mistari ya mibuni. Lakini Tab haisemi "nenda safu ya pili". Inasema "ruka hadi kituo kinachofuata". Jina likiwa fupi, kituo kinachofuata ni cha kilo. Fonti ikiwa pana na jina likavuka kituo hicho, Tab inaruka hadi kituo cha mbele yake, na kilo zinakaa chini ya kichwa cha makato, makato yanakaa kwenye malipo. Na mstari ukizidi upana wa karatasi, namba za mwisho zinashuka mstari wa chini na kuonekana ni za mtu anayefuata. Majina yetu huku mnayajua urefu wake. Hakukuwa na haja ya fonti kuwa pana sana.

Makosa mengine ya familia hii karibu kila mmoja wetu anayo. Tunasukuma kichwa cha sura kwenda ukurasa mpya kwa kubonyeza Enta mara tisa. Tunaweka jina la chuo katikati kwa kubonyeza spesi. Tunaandika ukurasa wa yaliyomo kwa mkono, tukijaza nukta hadi kwenye namba ya ukurasa. Vyote hivyo ni viraka vilivyopimwa kwa fonti moja, programu moja na kompyuta moja. Toleo likibadilika, kiraka kinaachia. Mimi baada ya kuapdeti nilikaa usiku mzima nikiondoa Enta za kurasa 44 na kuweka Enta za kurasa 41. Nilikuwa nashona viraka vipya juu ya vya zamani, na Muleba vyote viliachia kwa pamoja.

Kompyuta za rika tofauti

Mtu anaweza kusema: basi kila mtu aapdeti, yaishe. Haitaisha. LibreOffice iliacha kuhudumia Windows XP na Vista kuanzia toleo la 6.0 la mwaka 2018. Toleo la 25.8 la Agosti 2025 limeziacha Windows 7 na 8. Kompyuta nyingi za steshenari, za shule na za vyama vyetu zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika na haziwezi kupanda zaidi ya hapo. Mwenye nazo si mzembe, mashine yake ndiyo imefika mwisho wa njia.

Fomati yenyewe nayo inakua. LibreOffice 7.0 ya mwaka 2020 ilianza kuhifadhi .odt kwa toleo la 1.3 la OpenDocument. Programu ya zamani ikikutana na faili hilo inaweza kulifungua na kuruka yale isiyoyaelewa. Word nayo inafungua .odt tangu Office 2007 ilipoongezewa uwezo huo mwaka 2009, lakini mambo kama maoni ya pembeni, michoro na milinganyo ya hesabu hayavuki salama kila mara. Kwa hiyo tuzoee kuishi na kompyuta za rika tofauti, na tuandike tukilijua hilo.

Ufanye nini

Haya ndiyo ninayoyafanya sasa. Hayahitaji hela.

Kwanza, cha kusomwa au kuprintiwa kitume kwa PDF. PDF inabeba ukurasa ulivyo pamoja na fonti zake. LibreOffice ina kitufe cha kutoa PDF, huhitaji programu nyingine. Na ndani ya dirisha la kutoa PDF kuna chaguo liitwalo Hybrid PDF. Ukiliweka alama, faili la .odt linafichwa ndani ya PDF hiyohiyo. Steshenari wanaiona kama PDF ya kawaida, wewe ukiifungua kwa LibreOffice unaendelea kuhariri. Faili moja, kazi mbili.

Pili, cha kuhaririwa na wengine kubalianeni fomati kabla ya kuanza. Kama kikundi kina watu watano na msimamizi anasahihisha kwenye Word, andikeni kwa .docx tangu siku ya kwanza, msirukeruke kati ya .odt na .docx kila wiki. Kila kuvuka ni nafasi ya kupoteza kitu. Ila weka na nakala yako ya .odt.

Tatu, tumia fonti ambayo ina pacha wake huria. Times New Roman ni salama kwa sababu ipo Liberation Serif. Aptos usiiguse kwa kazi itakayozunguka, kwa kuwa kompyuta nyingi huku hazina. Ukilazimika kutumia fonti ya ajabu, nenda File, kisha Properties, kisha Font, uweke alama ya kuifungia fonti ndani ya faili. Faili litanenepa, lakini litasafiri na nguo zake.

Nne, tumia mitindo. Vichwa vya sura viwe Heading 1, vichwa vidogo Heading 2. Ukurasa mpya uweke kwa Ctrl na Enta, mara moja tu. Yaliyomo yatengenezwe na programu yenyewe kutokana na vichwa hivyo, na kabla ya kuprinti uyaburudishe. Namba ziwe ndani ya jedwali la kweli. Kazi iliyoandikwa hivi inaweza kufunguliwa popote; kurasa zinaweza kuongezeka au kupungua, lakini kilo za mtu hazitahama.

Tano, usiapdeti wiki ya kukabidhi. Apdeti baada ya mtihani au likizo, na kabla hujaanza nakili mafaili yako kwenye flashi. Baada ya kuapdeti fungua kazi tatu au nne kubwa, uzikague kurasa kwa kurasa. Majedwali ya mahesabu yafungue na ubonyeze Ctrl, Shift na F9 kwa pamoja ili hesabu zote zipigwe upya. Kwa mpangilio wa kawaida programu inaweza kukuonyesha majibu yaliyohifadhiwa zamani bila kuyapiga tena.

Sita, mkipokea malalamiko kwamba .odt yako haieleweki kwa mwenye toleo la zamani, nenda Tools, Options, Load/Save, kisha General, uchague toleo la chini la ODF. Usisahau kulirudisha.

Saba, kwa wenye mafaili ya zamani ya .sxw, tuseme umekuta kompyuta ya shule au ya parokia yenye kumbukumbu za enzi hizo, usiyafungue moja moja. Ingia kwenye folda yenyewe kwa dirisha la amri, uandike soffice --headless --convert-to odt *.sxw. Yote yatanakiliwa kuwa .odt, na ya awali yatabaki palepale.

Tunachoweza kudai pamoja

Kuna upande ambao mtu mmoja hauwezi. Miongozo ya kuandika ripoti inataja saizi ya fonti, nafasi kati ya mistari na upana wa pambizo. Ni nadra kutaja fomati ya faili. Matokeo yake kila msimamizi ana yake: mmoja anataka .docx, mwingine anasema tuma yoyote, wa tatu analifungua kwenye simu na kukuandikia kwamba yaliyomo hayajapangwa. Mwanafunzi anakatwa alama za mpangilio kwa kosa la fonti ambayo hajawahi kuwa nayo.

Napendekeza serikali yetu ya wanafunzi ipeleke maombi matatu kwa uongozi. Ripoti za mwisho zipokelewe kwa PDF, na alama za mpangilio zitolewe kwa kuangalia PDF hiyo. Kielelezo cha ripoti kitolewe kwa .docx na .odt, kwa fonti yenye pacha huria. Na chumba cha kompyuta kisiapdetiwe katikati ya muhula bila tangazo. Maombi haya hayahitaji bajeti, yanahitaji kikao kimoja.

Tukifanya hivyo, hatutamsukuma mtu kununua leseni asiyoimudu wala kutumia Word ya wizi yenye virusi. Programu huria inatosha kwa kazi zetu zote za chuo. Tulichokosa ni makubaliano.

Ilivyoisha

Jumatano ileile jioni nilimpigia simu ninayekaa naye chumba kimoja Bukoba. Laptopu yangu ilikuwa mezani. Nikamwelekeza afungue ripoti, atoe PDF, anitumie kwa WhatsApp. Alhamisi asubuhi nilirudi kwa dada wa steshenari. PDF ikafunguka kwenye mashine ileile ya XP, kurasa 41, kila namba mahali pake. Nililipa kuprinti mara ya pili.

Katibu alisoma tena kiambatisho chote, jina kwa jina, huku daftari lake liko wazi pembeni. Alipomaliza akasaini, akagonga mhuri, akaniuliza, "Na ile ya jana umeipeleka wapi?" Nikamwambia ninayo kwenye begi. Akaniomba. Akaichana vipande vinne, akaitia kwenye moto uliokuwa unachemsha chai.

Ijumaa saa tatu na nusu nilikuwa mlangoni kwa msimamizi. Hiki kiambatisho nimeshakiandika upya kwenye jedwali la kweli, kwa faida ya atakayekuja kufanya fildi pale mwakani. Akihitaji, anitafute, nitampa la .odt na la PDF.